Wakala ataka nimkane mwanangu ili nipate visa ya ndoa

Senje,

Nakusalimu kutoka Kisumu. Usiniandike jina tafadhali. Mtaani Manyatta kila mtu anajua nangoja kwenda Marekani, hata mama anayeniuzia sukuma.

Nina miaka 32, kwetu ni Vihiga, na kazi yangu ni kushona nguo kwenye kibanda karibu na soko la Kibuye. Mume wangu ni Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani. Anaishi Minnesota na anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Tulijuana alipokuja kumzika babake, tukaendelea kuongea kwa simu, akarudi tena, na mara ya tatu akaja na wazee wake nyumbani wakatoa mahari. Miezi ishirini iliyopita tukafunga ndoa kwa msajili hapa Kisumu na cheti tunacho. Alipofika kwake akapeleka fomu I-130, ile ya kuniombea kama mke wake. Ikakubaliwa. Tukalipa ada, tukatuma stakabadhi, nami nikajaza DS-260, fomu yangu ya kuomba visa, kwenye mtandao. Sasa barua imekuja: mahojiano ubalozini Gigiri, wiki tano kutoka leo.

Shida yangu ni binti yangu. Ana miaka tisa. Nilimzaa na mwanamume mwingine niliyekaa naye Kakamega mwaka mmoja na nusu kabla ya kuachana. Alizaliwa kwa upasuaji, nililetwa hapa hospitali ya Russia usiku nikiwa nusu hai. Tangu akiwa na miaka miwili analelewa na mama yangu kijijini. Hapa mjini watu wanamjua kama mdogo wangu. Yeye mwenyewe huniita kwa jina, na mama yangu ndiye humwita mama.

Mume wangu anamjua na anampenda. Siku ya harusi yetu ni yeye aliyebeba maua. Lakini wakati wa kujaza fomu tulitumia wakala mmoja hapa mjini, naye akatuambia mtoto anaharibu faili. Eti ataulizwa babake yuko wapi, eti mshahara wa mume wangu utaonekana mdogo, eti kesi itakawia. Kwa hiyo kwenye I-130, palipoulizwa watoto wangu, tuliacha wazi. Kwenye DS-260 nikajibu kwamba sina mtoto.

Sasa wakala anataka elfu sitini nyingine. Amenipa karatasi za maswali themanini pamoja na majibu, nikariri. Picha za harusi zenye binti yangu amezitoa zote, na kwa kuwa zilizobaki ni chache anasema atatuundia nyingine kwa kompyuta. Nikiulizwa mtoto ni nani, niseme ni mdogo wangu.

Babake hana neno. Hatukufunga ndoa. Alikuja kwetu mara moja tu na wazee wawili, wakaleta mbuzi na shilingi elfu ishirini, wakapewa chakula, wakasema watarudi kupanga mambo ya ng'ombe. Hawakurudi. Ana mke mwingine Webuye. Hilo limepita.

Senje, nikimtaja mtoto leo nitaonekana mwongo. Nikinyamaza nitapita, na nikifika huko nitamvuta aje. Mume wangu anasema nifanye ninavyoona. Sina usingizi. Juzi nilishona mkono wa kushoto wa rinda la mteja mahali pa mkono wa kulia.

Mshonaji, Kisumu

*

Mshonaji wangu,

Umeniandikia barua nzima kuhusu mtoto, na kuhusu mbuzi ukaniandikia mistari minne ukafunga kwa kusema hilo limepita. Mimi hilo ndilo lililonishtua. Tutalifikia. Tuanze na binti kwa sababu ndiye anayekukosesha usingizi, na rinda la watu lisiharibike zaidi.

Mtaje. Mtaje kabla hujaulizwa.

DS-260 haiulizi watoto unaotaka kusafiri nao, wala watoto wanaolala kwako. Inauliza watoto wako wote, popote walipo. Ulipobonyeza kuituma uliapa kwamba yaliyomo ni kweli, na mumeo naye alitia sahihi kwenye I-130 kwa kiapo kama hicho. Siku ya mahojiano utasimama mbele ya kioo, uwekwe alama za vidole, uinue mkono wa kulia na kuapa tena, safari hii kwa mdomo wako. Wakala hatakuwapo. Atakuwa Kisumu anakula elfu sitini zako.

Halafu fikiria hiyo hadithi ya mdogo wangu inavyosimama. Kabla ya mahojiano lazima upimwe na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. Atakuuliza kama umewahi kulazwa na kwa nini. Una kovu la upasuaji tumboni, na kovu halijui kukariri majibu themanini. Kuna picha za harusi kwenye simu za mashangazi, za majirani na za yule kijana wa kamera, na nyingine bila shaka zimeshawekwa Facebook. Na kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambacho kina jina la mama, na jina hilo ni lako.

Ngoja niziangalie sababu za wakala moja moja, maana watu wengi hapa Magharibi mwa Kenya wamelishwa maneno haya haya.

Kwanza mshahara. Mumeo ni mdhamini wako kupitia fomu I-864, na anatakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 26,437 kwa nyumba ya watu wawili, na kiwango hubadilika kila mwaka. Sasa sikiliza: mtoto wa kambo ambaye haishi na mdhamini, hadaiwi kama mtegemezi kwenye kodi yake, na hajaombewa visa, hahesabiwi katika hao watu. Binti yako akiwa kwa nyanya yake Vihiga hamwongezei mumeo hata dola moja. Atahesabiwa siku mtakapomwombea, na hapo, kwa kiwango hicho cha 2025, mngehitaji dola 33,312 kwa watu watatu. Mumeo asipofikisha, anaweza kuongeza mdhamini wa pili anayeishi kule. Kwa hiyo mlimficha mtoto ili kuokoa pesa ambazo hazikuwa zinadaiwa.

Pili kukawia. Hapa wakala hajui hata kazi anayolipwa kuifanya. Mke wa raia wa Marekani hasafiri na mtoto juu ya visa yake mwenyewe. Kuna makundi mengine ya visa ambako mtoto huandamana na mzazi kwa faili moja; kundi lako silo. Mtoto hapandi mgongoni mwa visa yako. Anahitaji I-130 yake, ambayo mumeo anampelekea kama mtoto wa kambo, na sharti kubwa ni kwamba ndoa yenu ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Ana tisa. Mna haki hiyo kabisa. Basi kumtaja kusingechelewesha faili lako, kwa kuwa hayumo ndani yake. Mngepeleka faili mbili siku moja, pengine leo mngekuwa mnapanga safari ya watu wawili. Hiyo ndiyo hasara ya kweli mliyopata kwa huyo wakala, na bado anadai malipo.

Na ule mpango wako wa kumvuta ukishafika? Utamvuta kwa karatasi gani? Siku mumeo atakapopeleka ombi la mtoto, afisa atafungua faili lako la zamani na kukuta umeapa mara mbili kwamba hujazaa. Hapo utaombwa vipimo vya vinasaba, utaulizwa ulidanganya nini kingine, na grini kadi yako yenyewe itaanza kuangaliwa upya. Mtoto aliyefichwa mara ya kwanza ndiye hulipa mara ya pili.

Sasa namna ya kurekebisha. Mumeo aandike taarifa fupi yenye sahihi yake: kwamba mke wake ana mtoto mmoja, jina, tarehe ya kuzaliwa, anaishi na nani, na kwamba hakutajwa kwenye I-130 kwa ushauri mbaya. Asijipambe. Wewe uandikie ubalozi kwa njia iliyo kwenye barua yako ya mahojiano, uombe DS-260 ifunguliwe urekebishe. Ikifunguliwa, rekebisha, isipofunguliwa, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na taarifa hiyo, na ukifika dirishani, kabla afisa hajaanza maswali yake, sema kuna jibu kwenye fomu ambalo si sahihi na unataka kulisahihisha. Maafisa husahihisha fomu hapo hapo kila siku: jina la kijiji, tarehe, na watoto pia. Ukiulizwa nani alikusaidia kujaza, sema ukweli. Fomu yenyewe ina swali hilo, nadhani mlidanganya hata hapo.

Kuna tofauti unayopaswa kuielewa. Si kila kosa la fomu linafunga mlango. Kinachofunga mlango wa Marekani maisha yako yote ni uongo wa makusudi juu ya jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi. Msamaha upo, lakini unaombwa kwa fomu nyingine, kwa pesa nyingine, na mumeo athibitishe kwamba bila wewe atapata taabu kubwa kupita ile ya kawaida ya watu kutengana. Anayejirudi mwenyewe mapema, kabla ya kubanwa, husikilizwa tofauti na anayekiri baada ya kuonyeshwa picha. Ndiyo maana nimesema kabla hujaulizwa. Dakika tano zinaweza kuwa tofauti kati ya kusahihisha na kukamatwa.

Haya. Mbuzi.

Unasema hamkufunga ndoa. Pengine ni kweli. Lakini mtu alikuja kwa babako na wazee wawili, akatoa mbuzi na elfu ishirini, mkala pamoja, na wewe ulikuwa unaishi kwake. Kwa hesabu yangu hiyo ni 2016 au karibu na hapo. Sheria ya Ndoa ilikuwa imeshaanza kazi mwaka 2014, na kifungu chake cha 43 kinasema kwamba pale mila inapodai mahari, kutolewa kwa sehemu ndogo tu kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Sehemu ndogo. Haikusema ng'ombe kumi na tatu. Na sheria hiyo hiyo inakataza mtu aliye ndani ya ndoa ya kimila kwenda kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine, kama ile mliyofunga kwa msajili. Ikithibitika kwamba siku ya mbuzi uliolewa, basi cheti chako cha juzi ni karatasi tupu, na Wamarekani wanapima ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Ya kwao kule Minnesota hawatayaangalia. Watauliza: Kenya inasemaje?

Usianguke kwenye kiti. Sijasema uliolewa. Nasema hujui, na mimi sijui, na afisa akiuliza kama uliwahi kuolewa kabla, jibu la hapana lazima liwe limesimama juu ya kitu.

Mwenye jibu ni babako na wajomba au baba wadogo waliokaa siku ile. Panda gari uende Vihiga Jumamosi hii. Waulize maswali ya kizamani kabisa: ile elfu ishirini iliitwaje ilipokabidhiwa? Ilikuwa ya kujitambulisha, ya kufungua mdomo wa wazee, au ilihesabiwa kwenye mahari? Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya wageni au alipokelewa kama mali? Kulikuwa na mazungumzo ya idadi ya ng'ombe siku hiyo, au yaliahirishwa kabla hayajaanza? Na muhimu kuliko yote: kuna aliyeandika? Nyumba nyingi za kwetu huwa na daftari. Mtu hununua daftari la kurasa 32, anaandika tarehe, waliokuwepo, kilicholetwa, kilichobaki, kisha wazee wa pande zote mbili wanatia sahihi. Kama daftari hilo lipo na limeandikwa neno mahari, hiyo ni karatasi nzito kuliko zote za wakala wako. Likipatikana, lisichanwe. Nawajua wajomba.

Ukitoka huko, mtafute wakili wa mambo ya familia kabla ya kufanya lolote lingine. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na husaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Mweleze yote, pamoja na mahari ya mumeo wa sasa, asikie hadithi nzima mara moja.

Akikwambia siku ile ilikuwa kujitambulisha tu, babako na mzee mmoja aliyekuwepo watoe kiapo cha maandishi mbele ya wakili waseme hivyo. Ukibebe pamoja na stakabadhi nyingine. Hutakitoa usipoulizwa, lakini ukiulizwa una kitu mkononi na sauti haitatetemeka.

Akikwambia ile ilikuwa ndoa, basi hutaki kwenda Gigiri wiki tano zijazo. Itabidi ndoa hiyo ya kwanza ivunjwe mahakamani, mfunge upya, na mumeo apeleke I-130 mpya. Najua inauma. Ni mwaka na zaidi unarudi nyuma, ada zimeenda, na majirani watauliza kila asubuhi mbona bado uko. Lakini visa iliyotolewa juu ya ndoa batili ni nyumba iliyojengwa kwenye shamba la mtu. Unaweza kulala humo miaka kumi na ukafukuzwa siku unapoomba uraia.

Na ukiona wiki tano hazitoshi kupata jibu, omba mahojiano yasogezwe. Inaruhusiwa. Unachopaswa kukwepa ni kukaa kimya mwaka mzima bila kuwasiliana nao tangu ulipopewa taarifa, maana hapo faili linaweza kufutwa. Tena kuna jambo ambalo wakala hakukwambia kwa sababu halimlipi. Mmeoana miezi ishirini. Ukiingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, unapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha mtapeleka fomu I-751 kuthibitisha upya kwamba mnaishi kweli kama mume na mke. Ukiingia baada ya miaka miwili kutimia, unapata kadi ya miaka kumi na hiyo fomu haikuhusu. Kwa hiyo kusogeza miezi michache, kama ndoa yenu ni halali, kunaweza kukuepushia kesi nzima ya baadaye. Mimi ningesogeza hata bila mbuzi.

Mumeo je, anajua habari za mbuzi? Hukusema. Mwambie leo. Minnesota wako nyuma yetu saa nane wakati wa kiangazi na tisa wakati wa baridi, unajua mwenyewe anapumzika saa ngapi kazini. Na hilo neno lake la fanya unavyoona halijanifurahisha. Jina lake ndilo liko juu ya I-130. Sahihi ni yake. Mwanamume aliyevuka bahari mara tatu kwa ajili yako asikuachie mzigo huu peke yako kwa sababu ni mzito. Mwambie Senje amesema.

Elfu sitini usitoe. Hizo picha za kompyuta ndizo zimenikasirisha zaidi, kwa sababu ndoa yenu ni ya kweli! Mna mahari, mna msajili, mna miaka ya simu za usiku. Mnataka kuchukua kitu halisi mkipake rangi bandia mpaka kifanane na cha matapeli. Afisa akigundua picha moja imeundwa, ataitilia shaka kila picha iliyobaki, na ndoa ikiandikwa kuwa ya ulaghai, hakuna ombi lingine lolote kwa jina lako litakalokubaliwa, hata ukiolewa upya na mtu mwingine.

Rudisha picha za binti kwenye bahasha. Zile za maua ziweke juu. Ongeza picha za mazishi ya baba mkwe wako mkiwa na jamaa zake, mihuri ya pasipoti ya mumeo, tiketi zake, ujumbe wa M-Pesa na pesa alizotuma kutoka kule, na kurasa chache za WhatsApp kutoka miaka tofauti. Usipeleke kurasa mia nne za mahaba. Hakuna mtu wa kuzisoma na utaona aibu bure.

Karatasi ya maswali themanini washia jiko. Maswali ya pale ni mepesi kuliko unavyodhani, na ndiyo maana waliokariri huanguka. Mlikutana wapi? Nani alihudhuria ndoa? Mumeo anafanya kazi gani, zamu zipi, anaishi na nani? Aliwahi kuoa kabla? Usichokijua sema hujui. Mke wa mtu hajui kila kitu. Ukiona Kiingereza kinakukwama ukiwa na hofu, sema mapema kwamba ungependa Kiswahili. Kujibu kwa Kiingereza cha kuokoteza huku unatetemeka hakumpendezi mtu yeyote.

Mengine ni madogo na nayapita haraka. Cheti cha mwenendo mwema unaomba kwenye eCitizen kisha alama za vidole Huduma Centre hapo Kisumu, fanya mapema kwa kuwa hutoka Nairobi. Linganisha jina lako kwenye kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, herufi kwa herufi. Majina yetu ya Vihiga yameharibiwa na makarani wengi, na kama yametofautiana wakili huyo huyo akuandikie kiapo. Uchunguzi wa daktari ufanye wiki kadhaa kabla, usiufanye siku moja kabla: picha ya kifua ikionyesha kivuli, wataotesha makohozi kutafuta kifua kikuu na hiyo peke yake huchukua miezi miwili. Nairobi fika jana yake. Basi la usiku kutoka Kisumu likikwama Mau Summit hutawaeleza kitu. Simu iache unakolala, ubalozini haiingii. Na ukipewa karatasi ya kwamba kuna stakabadhi inakosekana, usilie pale mlangoni mbele ya wapiga picha za pasipoti. Una mwaka mmoja wa kuileta.

Nimebakiza kitu kimoja ambacho hukukiuliza. Wakati wakala anakwambia useme ni mdogo wangu, hukushtuka kwa sababu ndivyo umekuwa ukisema Manyatta miaka saba. Sikulaumu. Najua mwanamke asiye na mume na mwenye mtoto anavyotazamwa anapotafuta nyumba ya kupanga. Lakini binti wa miaka tisa anajua. Ameshawahi kuwasikia watu wazima wakinong'ona jikoni. Na sasa akili yako iko Gigiri, kwa mzungu wa dirishani, wakati mtu wa kwanza anayestahili kusikia neno mama kutoka kwako ametoka shuleni saa hii anachota maji kwa nyanya yake. Ukienda Vihiga Jumamosi kuuliza habari za mbuzi, usimalize na wazee ukapanda gari kurudi. Kaa naye. Umwambie kwamba kuna safari, kwamba wewe utatangulia, kwamba kuna fomu nyingine yenye jina lake ambayo baba wa Minnesota atailipia. Ada yake ni dola 625 ikitumwa kwa mtandao, karibu elfu themanini za kwetu. Wakala alitaka sitini ili asiwepo.

Pasipoti yake nayo huenda ikahitaji ridhaa ya wazazi, kwa hiyo huyo bwana wa Webuye huenda ukalazimika kumtafuta siku moja. Mwendee kwa heshima na kwa mdomo wa wakili, na usimpe nafasi ya kukumbuka mbuzi wake kabla wewe hujajua mbuzi huyo alikuwa wa nini.

Niandikie ukirudi kutoka nyumbani. Daftari likiwepo, unakili yaliyoandikwa neno kwa neno.

Senje